Kontra Niliyoivika Plastiki

Jumapili iliyopita nilikuwa bado na kitambaa cha misa kichwani wakati kijana mmoja alipopiga hodi, akaingia na mfuko mweusi na kuumwaga mezani, karibu kabisa na sahani yangu ya samaki wadogo, ndagala. Karatasi tupu. Risiti, fotokopi, barua ya shefu wa avenyu, picha ya pasipoti ya mtu nisiyemjua. "Mama Mashini," akasema, "nilinunua nyumba. Niko nakuomba uangalie kama iko sawa." Nikamuuliza alinunua lini. Akasema ni miaka mitatu sasa. Miaka mitatu! Mtu amemaliza sahani, ndipo anauliza kama samaki alikuwa mzima.

Mimi nimestaafu, jamani. Mgongo umestaafu, macho yamestaafu, hata ulimi ulikuwa umeanza kupumzika mpaka Jumapili ile. Zaidi ya miaka thelathini nilikaa mbele ya ofisi za hapa Uvira, chini ya shitingi, kipande cha turubai kilichofungwa kwenye ukuta, na mashini ya kupiga chapa juu ya meza yenye mguu mmoja mfupi. Sikuwa mtu wa Serikali. Nilikuwa mwandishi wa watu: barua za maombi, hati za mauzo ya nyumba, na zile fomu zote ambazo ofisi ya ardhi inazitaka na hakuna anayekwambia inazitaka. Mashini yenyewe ilishauzwa kwa kilo kama chuma, lakini jina la Mama Mashini halikuuzika. Sasa ninayaandika haya mara moja, kwa ajili yenu vijana mnaonunua nyumba siku hizi, ili Jumapili nile chakula changu kwa amani.

Neno la kwanza mtalichukia, kama wateja wangu wote walivyolichukia. Ardhi si yako. Katika Kongo yetu ardhi ni ya Serikali, na wewe unayejiita mwenye nyumba umeipanga tu hiyo ardhi iliyo chini ya kitanda chako. Ukinunua nyumba Kavimvira au Mulongwe, unanunua matofali, mabati, milango na choo. Parseli yenyewe, yaani kiwanja, ina kontra, mkataba wa mtu na Serikali, na hiyo kontra ina jina la mtu na ina tarehe ya kufa, miaka mitatu kwa kawaida, kisha inabidi uipeleke mbele mpaka upate sertifika, hati yenyewe ya usajili. Sasa niambieni, mangapi kati ya hayo alikueleza komisyonere, yule dalali aliyekuonyesha nyumba? Alikuonyesha mabati. Alikufungulia bomba la maji, maji yakatoka siku hiyo, ukafurahi.

Na mnavyonunua! Mnakwenda kwa shefu wa avenyu, mkuu wa mtaa wenu, mnaita majirani wa pande nne, mnaandika karatasi ya daftari la shule, kila mtu anatia sahihi, halafu kreti ya chupa inafunguliwa. Wakatoliki bia, Walokole sukre, soda tu. Ikishanywewa, mnaamini nyumba imenunuliwa. Nimewaona mashahidi barazani kwa hakimu, wameulizwa mpaka wa parseli uko wapi, hawajui. Lakini wanakumbuka bia ilikuwa ya baridi na jirani wa upande wa ziwa alikunywa tatu. Sikatai desturi. Majirani wanafaa kukujua, na siku mtu anapokuja na panga kudai mpaka, ni wao watakaopiga kelele. Lakini karatasi ya kreti inakujulisha kwa jirani, haikujulishi kwa Serikali, na kontra bado ina jina la yule aliyekwisha kula feza yako.

Aliyenifundisha kazi hii ni mzee Kashindi, karani mstaafu aliyekuwa na shitingi yake kabla ya yangu kuwepo. Alikuwa mkali kama pilipili ya Lemera. Siku ya kwanza alinipa hati moja, akaniambia niisome. Nikaanza juu, kwenye nembo ya Serikali. Akanichapa vidole kwa rula. "Geuza!" akasema. "Mbele wanaandika yenye walitaka. Nyuma njo wanaandika yenye ilipita." Nyuma ya kontra ndiko ofisi inakopiga mihuri: imeuzwa kwa nani, imeongezwa muda lini, imewekwa rehani benki au la. Tangu siku hiyo sijawahi kusoma hati yoyote kuanzia mbele, hata barua ya mapenzi ya binti yangu niliigeuza kwanza.

Kashindi alinifundisha pia kutomkabidhi mtu yeyote wa ofisi feza mkononi. Unaomba karatasi ya malipo, unalipa benki, unarudi na risiti, unapiga fotokopi mbili. Kuna watu wataniambia, "Mama, lakini nikifanya hivyo dosie inalala." Ndiyo, faili inalala. Ile uliyolipia mkononi inakufa kabisa, na mtu uliyempa amehamishwa Kalemie.

Basi, sasa nifike kwenye aibu yangu, maana nisipoisema mimi itasemwa na wengine.

Kompyuta ilipofika Uvira, mashini yangu ikawa kichekesho. Vijana walifungua vyumba vyenye grupu, jenereta ya umeme, na kutoa hati safi zisizo na tone la wino mweupe wa kufutia. Nilikaa siku nzima bila mteja. Ndipo mpwa wangu akaniletea kutoka Bujumbura kamashini kadogo, unatia karatasi kati ya plastiki mbili, inapita kwenye moto, inatoka inang'aa, haiogopi maji wala mende. Kuplastifie, tunavyosema. Wakati huohuo ziwa likaanza kupanda. Mnakumbuka wenyewe. Maji yaliingia vyumbani, watu wakatoka na magodoro kichwani, na kilichowauma kuliko magodoro ni karatasi zilizogeuka uji ndani ya masanduku. Kila mtu akaja kwangu. Nilivika plastiki vyeti vya ubatizo, diplome, kadi za kura, na kontra za ardhi, nyingi sana. Nilizikata pembe kwa mkasi ziwe mviringo, zisimchome mtu mfukoni. Nilijisifu kwa hizo pembe. Nilikuwa nikiwaambia, "Sasa hata ikianguka ziwani, itaelea."

Na hakuna hata siku moja nilipojiuliza ofisi itapiga wapi muhuri. Mimi! Mwanafunzi wa Kashindi!

Furaha alikuja kwangu nikiwa karibu kuacha kazi. Ni mama wa watoto wanne, muuza nyanya na vitunguu pale mpakani Kavimvira, mtu anayevuka kwenda upande wa Burundi na kurudi kila siku kwa miguu. Alikuwa amepanga nyumba sita ndani ya miaka kumi. Ya mwisho alitolewa kwa sababu mwenye nyumba alimleta shemeji yake, vyombo vyake vikawekwa barabarani mvua ikinyesha. Hapo akaapa kwamba watoto wake hawatahama tena. Komisyonere mmoja aitwaye Papi akampeleka kwa mzee Gaspard, aliyekuwa anauza nyumba yake ya Kavimvira ili arudi kulima kwao Kiringye. Wakapatana, mashahidi wakanywa, Furaha akaingia, akang'oa mabati yaliyooza na kutia mapya. Mwaka mzima akalala humo. Ndipo akapita hapa kuniuliza kama kuna kitu kimebaki.

"Kimebaki chote," nikamwambia.

Mwenye jina kwenye kontra alikuwa bado Gaspard. Kama Gaspard angekufa na jina lake juu ya kontra, basi nyumba ingekuwa mali ya urithi wa watoto wake, na Furaha angekuwa mgeni aliyetia mabati. Alinisikiliza mikono yake ikiwa kichwani. Nikamwandikia maombi ya kubadilisha jina, akalipa benki, akaenda ofisini na kontra aliyopewa na Gaspard. Akarudi kabla ya saa sita akilia kwa hasira.

"Walikataa! Banasema muhuri haikamate juu ya plastiki. Banasema pia karatasi ya plastiki inaweza kuficha yenye ilifutwa."

Akaniwekea kontra mezani. Nikaiona. Pembe zake zilikuwa za mviringo.

Sikumwambia kitu siku ile. Nasema kweli, niliogopa. Nilimwambia tu asiiguse, nitatafuta njia. Ningalisema palepale, "Furaha, mimi ndiye niliyefanya hivi, niachie," labda asingempelekea Papi. Lakini nilinyamaza, na yeye akampelekea Papi, na Papi, Mungu amsamehe, akawasha pasi ya mkaa. Akasema plastiki ikipata moto tena itaachia. Iliachia kweli. Iliachia pamoja na sahihi ya konservateri, mkuu wa ofisi ya ardhi, na nusu ya muhuri wake, vyote vimebaki vimeganda kwenye plastiki, na kontra ina tundu kama imetafunwa na panya.

Kilichofuata ni cha kukupandisha homa. Ofisi ikasema, karatasi yenye tundu si hati, aombe nakala mpya. Nakala mpya inatolewa kwa nani? Kwa aliyepoteza hati yake. Furaha akaenda polisi kuomba cheti cha kupoteza. Polisi akamuuliza, "Ilipotea wapi?" Naye, kwa kuwa ni mkweli kupita kiasi, akaitoa mfukoni akamwonyesha. Polisi akamwambia haikupotea, iko hapa. Akarudi ofisini, wakamwambia bila cheti hakuna nakala. Papi akamshauri aitupe ziwani ipotee kweli. Nikamkuta Furaha ufukoni akiwa ameishika, anafikiri. Nilimpigia kelele mpaka wauza ndagala wakageuka.

Ndipo nikamwambia. Palepale mchangani, mbele ya wauza ndagala. Nilimwambia kwamba plastiki ile ni ya mashini yangu, na pembe zile nilizikata mimi. Nilitaka anitukane ili tumalize. Hakunitukana. Akasema, "Kumbe. Basi, Mama, minye sitarudi peke yangu ku ofisi. Twende naye weye." Matusi yangekuwa afadhali.

Sikilizeni vizuri sasa, maana hapa ndipo ujuzi wa kazi ulipo. Kontra ya ardhi haiandikwi moja. Pacha wake hubaki ofisini, ndani ya dosie ya parseli, pamoja na ramani na vipimo. Mtu akikwambia, "Hati yako imeharibika, umekwisha," usianguke. Uliza namba ya parseli, uliza dosie. Mimi namba nilikuwa nayo, kwa sababu Kashindi alinizoesha kuandika namba ya kila karatasi inayopita mikononi mwangu, hata ya kuplastifie. Tulikwenda siku nne mfululizo kwa mtunza dosie. Siku ya kwanza funguo hazikuwepo. Siku ya pili funguo zilikuwepo, yeye hakuwepo. Siku ya tatu alikuwa na mazishi. Siku ya nne alituona bado tumekaa pale na mkate na chai ndani ya termosi, akajua hatutaondoka, akaingia ndani na kutoka na vumbi kichwani na dosie mkononi. Pacha wa kontra alikuwa mzima, muhuri mwekundu kama jana.

Mnadhani ndio mwisho. Hata mimi nilidhani.

Afisa aliyekuwa anashughulikia dosie, kijana wa kadasta, idara ya upimaji, aitwaye Trezori, mwenye shati lililopigwa pasi vizuri kuliko kontra yetu, akasema: kwa vile hati ya mwuzaji imeharibika, yeye mwenyewe aje athibitishe mbele ya ofisi kwamba ameuza, na mke wake aje, na watoto wakubwa. Kisheria hakukosea, na ndiyo maana nilizidi kuumia. Tukampigia simu Gaspard. Akapokea mke wake. Mzee alikuwa amelala kitandani wiki ya tatu, miguu imevimba, hawezi hata kufika barabarani.

Basi Trezori akasema ofisi itakwenda Kiringye kumwona. Itakwenda. Wiki hii hakuna gari. Wiki ijayo hakuna ruhusa ya safari. Wiki nyingine gari lipo, ruhusa ipo, lakini anangoja dosie mbili nyingine za njia hiyohiyo ili safari iwe moja. Nilimsikiliza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wazee walisema, na yule kijana alikuwa ameubeba wa Furaha kwa kidole kimoja. Kila asubuhi Furaha alikuwa anapiga simu Kiringye kabla ya kwenda mpakani, si kuuliza habari za nyumba, kuuliza tu kama mzee ameamka.

Kisha akaniambia jambo jingine. Inosenti, mtoto mkubwa wa Gaspard, alikuwa amepita Kavimvira kwenye nyumba, akasimama nje, akahesabu mabati kwa kidole. Akamuuliza Furaha kama kontra imebadilika. Alipoambiwa bado, akasema, "Sawa," akaondoka.

Hilo "sawa" lilinifikisha mwisho. Asubuhi iliyofuata niliingia ofisini kwa Trezori bila kuitwa. Niliongea kwa sauti ambayo mama wa umri wangu hapaswi kuitumia. Nikamwambia, "Mwanangu, ile kontra niliharibu minye. Minye mwenyewe, na mashini yangu. Kama uko natafuta muntu wa kufunga, nifunge. Lakini mzee iko nakufa Kiringye, na siku atakufa, huyu mama na watoto wake ine watalala njiani, juu ya weye kungoja gari. Pikipiki iko inje. Nimeshalipa. Panda!"

Trezori aliangalia shati lake, akaangalia saa, akasema pikipiki ina vumbi. Nikamvulia kitenge changu cha juu nikampa ajifunike. Alipanda, nadhani kwa aibu tu. Haidhuru. Katika kazi hii, aibu imesogeza dosie nyingi kuliko sheria.

Tulikwenda pikipiki mbili, yeye na begi la mihuri mbele, mimi na Furaha nyuma kwa dereva mwingine. Kiliba, Sange, vumbi, barieri ya askari, vumbi tena. Sikuwa nimepanda pikipiki mbali hivyo tangu ujana, na viuno vyangu viliniambia. Tulifika Kiringye jua likiwa kali. Gaspard alikuwa amelazwa kwenye mkeka uani, penye upepo, mke wake anamkanda miguu. Inosenti alikuwa amesimama mlangoni na wadogo zake wawili. Ilionekana wazi kwamba walikuwa wameshazungumza.

Trezori akafungua dosie, akavaa sauti ya ofisi. Akamsomea Gaspard maelezo marefu, kisha akauliza: "Mzee, uko nauza hii nyumba kwa mapenzi yako?"

"Hapana," akasema Gaspard.

Furaha alinishika mkono. Kucha zake ziliniingia. Trezori akashusha kalamu yake ya biki. Inosenti akasogea hatua mbele.

Gaspard akapumzika kidogo, maana pumzi ilikuwa haba, akaendelea: "Siko nauza. Nilishauza. Huyu mama iko nalala mule tangu mwaka jana. Feza yake nilikula, nilinunua nayo ngombe, ngombe ile pale. Hapana minye niko nachelewa. Njo nyinyi."

Trezori akakohoa. "Mzee, karatasi inataka ndiyo ao hapana."

"Andika ndiyo. Andika mara mbili."

Inosenti akasema polepole, kwa heshima, lakini alisema: "Baba, leo Kavimvira bei ilipanda. Ile feza ilikuwa kidogo."

"Ilipanda juu ya nini?" mzee akamuuliza. "Juu huyu mama alitia mabati mupya. Weye ulitia nini?"

Mke wa Gaspard akafuta mafuta mikononi kwa kitenge, akaweka dole gumba kwenye wino, akalibonyeza kwenye karatasi, akarudi kwenye miguu ya mumewe. Wadogo wawili wakatia sahihi. Gaspard tulimwinua, mimi upande mmoja, Furaha upande mwingine, na jina lake likapanda mlima na kushuka. Trezori akasema sahihi haifanani na ya zamani. Nikamwangalia. Akaandika pembeni, kwa hiari yake mwenyewe, kwamba ametia sahihi mbele yake akiwa mgonjwa lakini akili timamu, na akapiga muhuri juu yake. Nilimpenda kwa mara ya kwanza, na tangu hapo nimemsamehe gari.

Inosenti alikuwa wa mwisho. Alishika biki muda mrefu. Alitia sahihi bila kuangalia mtu, akatoka kwenda kumpa ng'ombe maji.

Hiyo ilikuwa Alhamisi. Jumanne iliyofuata Furaha alipiga simu Kiringye kabla ya kwenda mpakani, kwa mazoea tu, na aliyepokea alikuwa analia.

Siku tano. Kama ningalimwacha Trezori angoje gari lake, leo Furaha angekuwa anapanda ngazi za mahakama na karatasi ya kreti. Nilizihesabu kwa vidole, na bado nazihesabu.

Tulikwenda kwenye kilio. Kuna binamu mmoja aliyetoka Bukavu, mtu wa maneno mengi, alianza kuuliza kwa sauti nyumba ya marehemu ya Kavimvira inakaliwa na nani. Furaha alikuwa amekaa chini na wanawake, akainamisha kichwa. Ni Inosenti aliyejibu. "Ile haiko yetu," akasema. "Baba aliandika ndiyo mara mbili." Binamu akarudia sahani yake, chakula kikaendelea.

Nimewaambia hilo kwa sababu ni kweli, lakini msilitegemee, tafadhali! Ninajua mnavyopenda kusikia kwamba kuna watu wema na mambo hujiseti. Nimeandika hati miaka thelathini, na wale wa namna ya Inosenti naweza kuwahesabu bila kuvua viatu. Na hata yeye, kumbukeni, kwanza alihesabu mabati.

Kontra ya Furaha ilitoka baada ya miezi miwili. Aliileta nyumbani kwangu akiwa na kikapu chake cha nyanya kichwani. Hakuimba, hakupiga vigelegele. Alikaa kwenye kiti, akanipa karatasi, akasema hajui Kifaransa, nimsomee tu pale penye jina. Nikasoma. Akasema nirudie, polepole. Nikarudia majina yake matatu, na lile la baba yake. Akaniambia katika maisha yake yote jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye kadi ya kura na kwenye daftari la deni la soko, basi. Kisha akachukua kikapu chake akaenda mpakani, kwa sababu nyanya haingoji.

Sasa ninyi. Mna mifuko myeusi chini ya vitanda, ninajua. Msiniletee mimi. Geuzeni karatasi, someni jina. Kama si lenu, msiitazame tena hiyo karatasi, mtafuteni mwenye jina. Yuko Kiringye, yuko Fizi, yuko Kamanyola, amelala mahali fulani na miguu imevimba, na ndiye peke yake anayeweza kusema alikuuzia. Mpigie simu leo umuulize ameamkaje. Kama ameamka, panda pikipiki.